Siku Dada Sekela Alipopandisha Mlima wa Ipogolo Bila Pawa

Ninyi mnaokata kona kwa kiganja kimoja, mkono mwingine umeshika simu, nawaandikia kwa upendo. Magari yenu ni mepesi, usukani unazunguka kama kifuniko cha chupa, na mimi sina kinyongo na hilo. Ila nimeendesha magari ya watu kati ya Mbeya na Iringa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka mgongo uliponiambia basi, na jambo moja nalijua kwa hakika: iko siku usukani utakukatalia. Siku hiyo msitegemee misuli. Misuli nilikuwa nayo mimi, na nilitoka kwenye malori. Aliyetufikisha alikuwa dada Sekela.

Nilimkuta Ilomba, pale Mbeya, kwenye ofisi ndogo ya watu waliokuwa wakiwahudumia wazee wenye matatizo ya macho. Ofisi ilikuwa na vani moja ya zamani na dereva mmoja, na mimi niliajiriwa niwe wa pili. Siku ya kwanza nilifika asubuhi nikaona miguu miwili imetokeza chini ya gari, miguu midogo, viatu vya raba. Nikajua tumeshaanza vibaya.

"Limeharibika?" nikauliza.

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka chini, "Halijaharibika. Nalisalimia."

Akatoka, akajikung'uta vumbi. Mwanamke mfupi, mwembamba, Mnyakyusa wa Tukuyu, umri kama wa dada yangu mkubwa. Kwenye kiti cha dereva aliweka blanketi lililokunjwa ili aone barabara vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanivuta mkono nikachungulie chini pamoja naye.

"Ukiona tone jeusi, ni oili ya injini. Ukiona maji, rejeta. Ukiona jekundu, mdogo wangu, hayo ni mafuta ya pawa, na hapo usiondoke mpaka umejua yanatoka wapi."

Kwa ambaye hajawahi kufungua boneti: pawa ni ile pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu ili kukusaidia kuzungusha usukani. Inapokuwa nzima hutaikumbuka. Ikifa, ndipo unapogundua kwamba miaka yote hiyo hukuwa ukiendesha peke yako.

Dada Sekela alikuwa na masharti yake, na nilikuwa nayacheka kimoyomoyo. Hakutaka uzungushe usukani gari likiwa limesimama. "Sogeza kwanza, hata kidogo, ndipo ukate," alikuwa akisema, hata pale uani ambapo hakuna wa kutuona. Hakutaka ukate usukani mpaka mwisho ukaung'ang'ania hapo pampu inalia. Na hakutaka uingize vidole gumba ndani ya usukani. Hili la mwisho nililiona la ajabu kabisa, mpaka siku moja karibu na Mbalizi tairi la mbele likaingia shimoni, usukani ukajipiga wenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo. Gumba langu lilivimba likawa kama ndizi mbivu. Dada Sekela alinifunga kitambaa, basi. Alikuwa na adabu hiyo: hakukumbushi kwamba alikuambia.

Sasa niwasimulie safari yenyewe.

Madaktari wageni wa macho walikuwa wamekuja Iringa, kwenye hospitali ya misheni, na muda wao ulikuwa unaisha. Tuliambiwa tukiwafikisha wazee wetu siku hiyo, wakapimwa jioni, watafanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi. Baada ya hapo madaktari wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Wazee wale walikuwa wamesubiri muda mrefu. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umewafunga macho, wengine hata kivuli cha mkono mbele ya uso hawakioni.

Tuliwachukua asubuhi. Mwanjelwa tulimpakia Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyekuwa akiuza maandazi pale sokoni mpaka macho yalipomkatalia. Uyole na Igurusi tukapakia wengine. Makambako tukampata Mzee Mgaya, Mbena, Mlutheri, aliyewahi kufundisha kwaya. Alipanda akashika mabega ya waliotangulia, akamsalimia kila mmoja, "Kamwene, kamwene," mpaka akafika kwenye kiti chake.

Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Tulipoiacha Makambako, Bi Mwanaidi akagonga mgongo wa kiti changu.

"Mwanangu, gari lako linanung'unika."

"Ni injini, bibi."

"Injini naisikia. Hii ni nyingine. Ukikata kona inalia, ukinyoosha inanyamaza."

Mimi nilicheka. Dada Sekela, aliyekuwa amekaa kushoto kwangu, hakucheka. Akafungua kioo, akatega sikio kwenye kona iliyofuata.

"Simama pembeni, Gwamaka."

Tulifungua. Mafuta ya pawa yalikuwa yamepungua, na mpira unaoyapeleka kutoka kwenye pampu ulikuwa umeloa pale unapokutana na bomba. Mama asiyeona alikuwa ameusikia ugonjwa kabla yetu sisi tunaoona. Dada Sekela akarudi mlangoni akamshika mkono.

"Asante, mama. Masikio yako yametuokoa."

"Nimesikiliza mafuta ya maandazi maisha yangu yote," Bi Mwanaidi akasema. "Kitu kikianza kuungua, kinatoa sauti kwanza."

Tukaongeza mafuta, tukaenda hadi Mafinga taratibu. Fundi wa pale akazunguka maduka ya vipuri, hakupata mpira wa aina ile. Akakaza klipu mpya, akasema labda itavumilia. Haikuvumilia. Mafinga ilikuwa imeshabaki nyuma tulipopata harufu ya mafuta yaliyoungua, moshi mwembamba ukatoka mbele, na usukani ukawa mzito mikononi mwangu kama umeota mizizi. Gari lilikuwa bado linatembea, na hilo ndilo lililonisaidia. Niliuvuta kwa mikono miwili, nikaliegesha nje ya lami.

Nilitaka kuzima injini hata kabla hatujasimama. Dada Sekela akaushika mkono wangu.

"Mpaka lisimame kabisa. Ukizima likiwa linatembea, breki nazo zinakuwa nzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga."

Likumbukeni hilo. Mtu akishtuka, mkono wake unakimbilia ufunguo.

Mpira ulikuwa umepasuka, mafuta yote chini, mekundu juu ya majani. Nikampigia fundi wa Mafinga. Akasema mpira utapatikana kesho, kutoka Iringa. Nikapiga ofisini. Gari la kuazima lilikuwa Kyela. Tulisimamisha mabasi, yaliyosimama yalikuwa yamejaa, na kondakta mmoja alisema anaweza kuchukua wazee wawili. Dada Sekela akawatazama wazee walivyoshikana mikono ndani ya gari, akamwambia, "Ndaga, asante, nenda tu."

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka mkishike. Hakukimbilia kuamua. Aliingia chini kwanza. Akatikisa mikono ya usukani, yale machuma yanayozigeuza tairi, akakagua kila kiungo, nami nikawa nageuza usukani juu, kidogokidogo, kwa kuguna. "Usukani mzito si usukani uliokatika," akasema kutoka chini. "Ukigeuza na tairi zikafuata, hapo umepoteza msaidizi tu. Ukigeuza na tairi zisifuate, hapo gari lisitembee hata hatua." Tairi zilifuata.

Kisha akalegeza belti ya pampu ya pawa akaitoa, maana pampu ikizunguka kavu inajisaga mpaka inakwama. Magari yale ya zamani belti hiyo ilikuwa peke yake, na ya kuzungusha maji na kuchaji betri ilikuwa nyingine. Kama gari lako lina belti moja inayozungusha kila kitu, msije mkaigusa mkasema Gwamaka katufundisha. Mwiteni fundi. Dada Sekela akachukua pampu ya mguu, tukaongeza upepo kidogo kwenye tairi za mbele, kwani tairi laini huongeza uzito wa usukani. Mizigo yote ya mbele tukaihamishia nyuma. Mwisho akazungusha gari peke yake kwenye uwanja mpana wa kupakilia magogo uliokuwa hapo kando, mizunguko ya taratibu, kulia na kushoto, akifunga breki kila mara.

Alipokwisha, akafungua mlango wa wazee.

"Wazee wangu, shikamooni. Nataka niwaambie ukweli. Gari hili limepoteza nguvu ya usukani. Breki ni nzima, nimezijaribu. Naweza kuwafikisha, ila tutakwenda polepole sana. Na mbele kuna ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini. Mwenye hofu aseme, hata mmoja tu, turudi Mafinga tukalale. Sitamchukia mtu."

 Kisha Mzee Mgaya akasafisha koo.

"Mama, sisi tumezoea kwenda bila kuona. Wewe angalau unaona. Twende."

Wazee wakacheka. Bi Mwanaidi akasema Bismillah, akajifunga mtandio vizuri.

Mimi nikaomba niendeshe. Niliona kazi ya mabavu ni yangu, na sikutaka mama yule ahangaike. Akanipa usukani bila ubishi. Nikaenda, na niseme kweli, nilikwenda, lakini kila kona ndogo nilipigana nayo. Nilisukuma usukani kwa mabega, nikang'ata meno, jasho likaniingia machoni. Tulipofika Ifunda mikono ilikuwa imechoka kiasi kwamba kikombe cha chai nilikishika kwa mikono miwili.

"Wewe una nguvu kuliko mimi," dada Sekela aliniambia, kwa upole kabisa. "Ila unapigana na gari. Unachelewa kukata, halafu unataka kulipa deni lote kwenye kona moja. Anza mapema. Kata kidogo, mapema, na liache gari litembee, tairi zikiwa zinazunguka zinakusaidia. Vuta kwenda chini, usisukume kwenda juu. Mwili wako ukae, mikono ifanye kazi."

Akavuta kiti mbele, akakaa juu ya blanketi lake, akaegemeza mgongo, akashika. Wanangu, niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye malori. Yule mama alikuwa akiitazama kona tangu ikiwa mbali, akipunguza mwendo kabla, akibadilisha gia kabla, na tunapofika kwenye kona mikono yake ilishaanza kuvuta zamani. Mkono baada ya mkono, kama mtu anayeteka maji kisimani. Magari yalitupita yakipiga honi. Hakuyajibu. Aliwasha taa za tahadhari, akawapa nafasi, akaendelea na kazi yake.

Tukafika Ipogolo jua likiwa bado juu ya milima. Hapo mjue barabara inaachana na njia kuu, inapanda kwenda mjini Iringa kwa kona kali, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Kona za chini alizimaliza salama. Kwenye kona iliyobana zaidi tukakuta lori limeharibika upande wetu, matawi yametupwa nyuma yake. Kulipita ilibidi kutoka kwenda upande wa kulia, upande wa bonde na wa magari yanayoshuka, huku unapanda na kona inakata.

Dada Sekela alisimama mbali na lile lori, akavuta breki ya mkono. Mimi nilidhani kaogopa.

"Nimeacha nafasi ya kutembea," akasema. "Nikisogea hadi pale karibu nikasimama, sitaweza kukata tena. Lazima nianzie hapa, nikate huku natembea, na nikishaanza nisisimame katikati. Kwa hiyo barabara inabidi iwe yangu. Nenda kaishike."

Niliweka mawe nyuma ya tairi, nikavua koti, nikapanda mbio mpaka ng'ambo ya kona. Lori la tanki la mafuta lilikuwa linashuka. Nikasimama katikati ya upande wake nikipunga koti. Dereva akafunga breki, akatoa kichwa nje kwa hasira.

"Wewe vipi? Si apite! Nafasi ipo tele!"

"Hana pawa, kaka. Na amebeba wazee wasioona."

Aliniangalia. Akachungulia chini, akaiona vani yetu.

"Hana pawa? Kwenye mlima huu?"

"Hana."

Yule mtu hakuuliza zaidi. Akawasha taa za tahadhari, akaegesha lori lake akalikalisha vizuri ili nyuma yake asipite mtu, akashuka, akasimama kando yangu, akainua mkono wake mkubwa juu.

"Mwambie aje."

Nikapunga koti kwa dada Sekela.

Nikasikia injini ikipanda, kisha nikaona vani inaanza kutambaa. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Akaanza kukata palepale tairi zilipoanza kuzunguka. Kulia, kulia, mkono baada ya mkono. Gari likatoka nyuma ya lori, likaelekea bondeni. Hapo sasa ilibidi arudishe kushoto, na kona nayo ilikuwa inaenda kushoto, kwa hiyo alikuwa na usukani mwingi wa kuvuta na barabara kidogo. Tairi la mbele likagonga ukingo wa lami uliomegeka. Niliuona usukani ukijipiga mikononi mwake. Hakuuachia, na wala hakuongeza mafuta kwa hofu. Aliegemeza mgongo wote kitini, akavuta chini, akashika juu, akavuta chini tena, na gari likiwa linatambaa vilevile. Kutoka ndani nikasikia sauti nzito ya Mzee Mgaya ikianzisha wimbo wa kanisani, na wengine wakaitikia, na Bi Mwanaidi, asiyeujua wimbo ule, akawa anapiga makofi taratibu kuwashikia mapigo.

Pua ya gari ikageuka. Ikalipita tanki. Ikarudi upande wake.

Dereva wa tanki alivua kofia. "Huyo mama," akasema, akatikisa kichwa, akarudi kwenye lori lake. Mimi nilishuka kuyaondoa yale mawe barabarani, maana jiwe unaloliacha ni ajali ya mwenzako, kisha nikakimbia kuifuata vani mpaka mahali pa tambarare alipokuwa akinisubiri. Nilipopanda nilikuta ameweka viganja juu ya magoti, vimefunguliwa. Ngozi ilikuwa imechubuka.

"Wapo wote?" akaniuliza.

"Wapo, dada."

"Haya. Twende wakapimwe."

Walipimwa jioni ile, kesho yake wakafanyiwa upasuaji, kila mmoja jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwepo. Fundi wa Iringa alikuwa ameshatufungia mpira mpya na kurudisha belti, gari liko uani hospitalini tayari. Sitaeleza sana mambo ya chumba kile. Watu walilia, na wauguzi walitoka nje wakijifanya wana kazi nyingine. Mzee Mgaya alikaa akiitazama mistari ya mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akaomba apelekwe alione gari lililomleta.

Tukampeleka. Akalizunguka lote. Akaona mlango uliofungwa kwa kamba, taa iliyobandikwa kwa utepe wa gundi, kutu iliyokula chini kote, na bampa ambalo mimi na dada Sekela tulikuwa tumelifunga kwa waya tangu mwaka uliopita.

"Nilipanda hiki?"

"Ndiyo, baba," dada Sekela akasema.

"Mama, ningekuwa naona juzi, nisingepanda."

Alicheka mpaka muuguzi akamkataza, asije akaumiza jicho. Lakini alipanda, na aliomba kiti cha dirishani.

Wakati wa kurudi, dada Sekela ndiye aliyeshika usukani, viganja vimefungwa kitambaa. Usukani ulikuwa mwepesi kabisa, kidole kimoja kingetosha. Tukashuka Ipogolo, tukaingia barabara kuu, tukavipita vilima vya mahindi na misitu ya misonobari, na mimi nikaona mwendo wetu ni uleule wa kutambaa. Malori yanatupita, mabasi yanatupita. Nikavumilia mpaka Ifunda.

"Dada, polepole ya nini? Pawa si imeshapona?"

 Alinionyesha kwa kidevu kile kioo cha ndani. Nikatazama. Nyuma, kila mzee alikuwa amegeukia dirisha, paji la uso limegusana na kioo.

"Waache waangalie," akasema.